Kiti cha Babu wa Area 47

Siku ya kwanza kazini sikugusa kiti hata kimoja. Nilipewa nyundo, jiwe bapa na mfuko wa vizibo vya soda, nikaambiwa nivigonge mpaka vilale kama sarafu. Nilivigonga tangu asubuhi hadi adhuhuri. Karakana ilikuwa kibanda cha matofali mabichi pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mlango wake ukitazama njia ya sokoni, na mwenyewe alikuwa Papa Salumu, mtu wa Kindu, kwetu Kongo. Sote tulimwita Fundi Mkuu, ingawa chini yake hakukuwa na fundi mwingine ila mimi, na mimi sikuwa fundi bado.

"We ulifanyaka kazi gani mbele?" aliniuliza tulipopumzika.

Nikamtajia. Utingo wa lori, mchoma matofali, mkanda mikate, mbeba vyombo vya mpiga picha, muuza sabuni.

"Na masomo?"

"Niliachia darasa la tano, Papa."

"Na zile kazi zote, zilikukosea nini?"

Nikaokota kizibo kingine, nikakigonga. Nilitoka Uvira katika vita ya kwanza ya Kongo, na vita ya pili ilinikuta nimeshafika Malawi. Kati ya vita hizo mbili sikuwahi kukaa mahali mwaka mzima. Kila nilipopita nilijifunza kitu, kwa maana nilikuwa mtu wa kuuliza: kwa nini mkate unaumuka, kwa nini tofali la katikati ya tanuri linaiva kuliko la pembeni. Lakini nilikuwa na kasoro moja. Nikikosea kazini na watu wakaniona, kesho yake hawanioni tena. Nilikuwa nafunga kifurushi changu na kuondoka, na aibu naiacha pale pale kama mzigo wa mtu mwingine.

Vijana mnaosoma haya mmezoea kuona kiti kikilegea kinatupwa, au kinafunikwa kitambaa ili wageni wasione. Wakati wetu kiti kilitengenezwa, tena nyumbani kwa mwenyewe, na vyombo vyote vya kazi vilienea kwenye kapu moja. Mto wa kiti hulegea kwa sababu mbili. Ama sponji imechoka na inakatika ndani kama mkate mkavu, ama ujazo umetembea, yaani pamba imekimbilia pembeni na kuacha shimo pale mtu anapokalia. Fundi Mkuu alifumua mshono wa nyuma, ule usioonekana, akatoa kila kitu juani. Sponji iliyooza aliichana vipande vidogo vidogo, akaichanganya na pamba na matambara ya kaunjika, ndiyo mitumba kwa lugha ya huku, akairudisha kwa mkono, pembe kwanza na katikati mwisho. Hapo mto unanenepa, lakini bado haujapata adabu. Ukaliwe siku kumi, ujazo utatembea tena.

Ndipo vinapoingia vifungo. Vile vizibo nilivyovigonga vilitobolewa matundu mawili kwa msumari, vikavikwa kitambaa cha rangi ya kiti, vikawa vifungo vizuri ambavyo hakuna aliyejua vilitoka kwenye soda. Alama za chaki zilitiwa juu ya mto, tano au saba, na kila alama ilipata vifungo viwili, kimoja juu na kimoja chini, vikivutana kwa uzi uliopita katikati ya ujazo. Uzi tuliuchomoa kwenye tairi bovu la lori na kuupaka nta ya mshumaa. Sindano ilikuwa spoki ya kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Fundi Mkuu aliinoa ncha kwenye jiwe, akaupondaponda upande wa pili, akautoboa jicho la kupitisha uzi.

Siri ya kazi yote ilikuwa fundo. Alilifunga kwa namna ambayo ukilivuta linateleza chini na kubana, na ukiliachia halirudi. Kwa hiyo hukukaza kifungo kimoja hadi mwisho ukahamia kingine. Uliviweka vyote, kisha ukazunguka, kila kimoja ukikishusha kidogo, ukianzia cha katikati, mpaka mto wote ukawa na vishimo vilivyolingana na matuta yaliyolingana. Ukiridhika, unafunga fundo la pili juu yake, na baada ya hilo hakuna tena kurekebisha. Nimewaona mafundi wengi baadaye, wengine wana mashine na mikasi ya kutoka ng'ambo, lakini sijaona mkono kama ule. Alikuwa anafumba macho na kupitisha kiganja juu ya mto kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto mwenye homa, halafu anasema, "Cha tatu, vuta kiasi cha ukucha." Unavuta kiasi cha ukucha, na mto unakaa sawa.

Karakana ile ilikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, kabla ya kufumua, uliza. Kila mteja aliyekuja, awe mama mchungaji au muuza dagaa, Fundi Mkuu aliuliza swali lile lile: "Nani anaikalaka hapa?" Nani hukaa hapa. Watu walijibu kwa furaha, wakaeleza habari za mume, za mkwe, za nyanya mwenye mguu mbaya, na yeye akasikiliza yote. Mimi nilidhani anataka kujua uzito wa mkaaji ili ajue wingi wa pamba. Sheria ya pili ilikuwa fupi zaidi: "Ukifungua, we njo utafunga." Yaani wewe ndiye utakayefunga: mto uliofunguliwa na mtu haufungwi na mwingine.

Baada ya miezi kadhaa tulipata nafasi mjini Lilongwe. Kule mtaa wa Kawale kulikuwa na Mmalawi auzaye viti, ambaye nitamwita Bwana Mwenye Duka. Alitupa baraza lake tufanye kazi zetu, nasi tukamtengenezea viti vyake vilivyozeeka dukani. Alikuwa mtu mwema mwenye ulimi mkali. Akitupita asubuhi alikuwa anasema, "Wakongo, leo mnashona au mnacheka?" na Fundi Mkuu anamjibu, "Vyote viwili, bwana, mkono unashona, mdomo unacheka." Hapo ndipo alipotujia mwalimu mmoja wa shule, mwanamke mtaratibu wa mtaa wa Area 47. Watu wa kwake walimwita Amayi, yaani mama, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa na seti nzima ya sofa ambayo mito yake ilikuwa imelala, na alitaka tuitengeneze kwake.

"Njooni Alhamisi," alisema. "Nitawaambia wavitoe viti uani mapema, vumbi la sponji lisiingie ndani. Baba yangu mgonjwa, kifua chake hakipendi vumbi."

Fundi Mkuu akanitazama. "Utaenda we," alisema. "Mi nitafika saa sita."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu. Bwana Mwenye Duka alinishika bega. "Sikia, Mkongo. Yule mwalimu namfahamu miaka mingi, nimemhakikishia kwamba ninyi ni watu wa kazi. Ukiniaibisha kule, baraza hili nampa fundi wa cherehani." Sikulala nikifikiri juu ya cherehani ile.

Alhamisi nilishuka kwenye minibasi nikatembea. Karibu na nyumba niliyoelekezwa niliona matawi mabichi yamelazwa barabarani. Kwetu Uvira, matawi barabarani maana yake lori limekufa mbele, punguza mwendo. Na mimi niliyekuwa utingo nilitazama huku na huku kutafuta lori, nione limevunjika nini. Sikuliona. Nikasema labda limeshavutwa.

Geti lilikuwa wazi. Uani, juu ya majani, seti nzima ya sofa ilikuwa imepangwa, kama Amayi alivyoahidi. Nyuma ya nyumba nilisikia shoka likipasua kuni. Nilibisha hodi, hakuna aliyejibu. Nikajiambia hawa ni watu wa kazi, wamenitolea viti wakaenda zao. Mwenye nyumba wa kumuuliza lile swali la kwanza hakuwepo, nikaliruka.

Nilianza na kiti kibaya kuliko vyote, ili mwenye nyumba akirudi aone ajabu. Kilikuwa kiti cha mtu mmoja, mkono wake wa kulia umesuguliwa hadi nyuzi zinaonekana, na mto wake ulikuwa na shimo ambalo ungeweza kulaza bakuli la nsima, ugali wa huku, ndani yake. Tena lilikuwa limeelemea kushoto. Nikafumua mshono, nikaitoa sponji, nikaichana yote vipande vipande, nikavitandaza juani. Nilikuwa napiga mluzi.

Magari mawili yakaingia. Kwenye gari la nyuma, lililo wazi, wanawake wamejifunga vitenge wanaimba wimbo wa kanisa, sauti nzito za taratibu. Waliponiona wimbo ulipungua, ukakatika. Mluzi wangu ulichelewa kukatika, na hiyo ndiyo sehemu ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yanawaka moto. Yule mpasua kuni, mlonda, ndiye mlinzi wa nyumba, akatoka nyuma na shoka mkononi.

"Ndugu yangu, unafanya nini?" aliuliza. Kichewa changu, lugha ya huku, kilikuwa kidogo, lakini haya niliyaelewa yote. "Hapa pana msiba. Babu amefariki alfajiri hospitalini. Viti tumevitoa ili sebule iwe tupu, akina mama wakae chini pamoja naye. Hukuona matawi njiani?"

Kwetu matanga huleta viti. Kwao msiba huviondoa, watu wakakaa sakafuni na marehemu wao. Sikulijua hilo, na hakuna aliyewaza kunieleza, kwa maana nani atamweleza mtu jambo ambalo kila mtu analijua?

Amayi alishuka, akatazama vipande vya sponji kwenye majani, akatazama kitambaa kilichobaki kama ngozi ya mbuzi aliyechunwa. Nyuma yake bibi mmoja mzee alikuwa ameshikwa na wanawake wawili. Huyo alikuwa mjane, ambaye wote walimwita Agogo, bibi. Alisimama mbele yangu.

"Kiti chake kiko wapi?" aliuliza.

Kisha wakampeleka ndani.

Geti lilikuwa bado wazi. Nilijua namna ya kutoka kwenye geti kama lile, nilikuwa nimetoka kwenye mengi. Mpaka jioni ningekuwa mjini Mponela, kesho yake kaskazini, na Lilongwe yote ingebaki nyuma na aibu yake. Sindano niliifunga, kapu nikalibeba. Lakini upepo ulikuwa umeanza kuvirusha vile vipande vya sponji kuelekea mlangoni, mahali pale ambapo jeneza lingepita. Nikaweka kapu chini nikaanza kuviokota. Nilipomaliza nilikuwa na gunia la sponji na mto uliofunguliwa, na nikakumbuka nani ameufungua. Nikamfuata mlonda, nikamwomba shoka. Nikapasua kuni mpaka saa sita.

Fundi Mkuu aliyaona matawi kutoka mbali, akavua kofia kabla ya kufika getini, kwa maana alikuwa ameishi nchi ile kunipita. Alinikuta kwenye kuni. Nikamweleza.

"Uliuliza?"

"Ningemuuliza nani, Papa? Hakukuwa mtu wa nyumbani."

"Basi ungengojea mtu."

"Nilifikiri unaulizaka juu ya kilo."

"Kilo pia," alisema. Akachukua gogo kubwa, akaliweka mbele ya shoka langu. Heri angenitukana.

Aliingia kwa Amayi, akapiga magoti mlangoni, akasema pepani, samahani, kwa niaba ya karakana nzima. Alirudi akanieleza jibu lake: "Amesema hana nafasi ya kukasirika leo." Tulibaki. Tulichota maji na wanaume wa mtaa, tukabeba mabenchi ya kanisa, kesho yake tukaenda makaburini. Bwana Mwenye Duka naye alikuwepo, na aliponiona alitazama upande mwingine.

Jamaa wa mbali walipokwisha kuondoka na nyumba kufagiliwa, mlonda alikuja Kawale kutuita. Nikaenda na gunia langu. Nilijaza mto ule kama sijawahi kujaza mwingine, pembe zimesimama, nikaweka vifungo saba na kuvishusha vyote sawasawa. Nilijua kwamba nikiwapa kiti kizuri kuliko vyote watanisamehe. Agogo alikuwa amekaa kwenye mkeka ananitazama. Fundi Mkuu alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

"Kizuri," Agogo alisema nilipokirudisha mahali pake. "Kama kimetoka dukani."

"Zikomo, Agogo," nilishukuru.

"Lakini simjui huyu." Alikuwa anakitazama kiti kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi. "Zamani nikitoka chumbani asubuhi naliona shimo lake, najua mwenyewe ameamka mapema, yuko uani, anarudi. Sasa natazama, naona hakuna aliyewahi kukaa hapa."

Nilimgeukia Fundi Mkuu. Nilitaka aje, afumbe macho, apitishe kile kiganja chake. Hakusogea.

"Ulifungua we," alisema kwa Kiswahili, taratibu. "We njo utafunga."

Mafundo ya pili nilikuwa bado sijayafunga. Nikapiga magoti mbele ya kiti, na kwa sababu sikujua pa kuanzia, nikalisema lile swali nililoliruka.

"Agogo, hapa alikuwa anakaa nani?"

Akaanza kusimulia, na Amayi akatoka jikoni kusikiliza. Mumewe alikuwa mkulima wa tumbaku, alisema, na siku moja, akipeleka mzigo Mponela kwa mkokoteni, ng'ombe walishtuka, wakamtupa. Nyonga ya kulia haikupona vizuri. Ndiyo maana aliegemea kushoto. Redio aliiweka juu ya mkono wa kulia wa kiti, na kila habari isiyompendeza aliipiga kofi, ndiyo maana kitambaa kimechakaa pale.

"Aliipiga hata ikisema kweli," Amayi alisema.

"Hasa ikisema kweli," alisema Agogo.

Nikavuta kifungo cha kushoto. Fundo likateleza, mto ukazama.

"Bado," alisema.

Nikavuta tena.

"Bado. Alikuwa mzito, mzee yule. Usimwonee haya."

Nikavuta cha nyuma, kisha cha katikati, kisha nikarudi kushoto, kiasi cha ukucha, kiasi cha ukucha. Jasho lilikuwa linanitoka kama ninayechimba. Agogo alisogea kwenye mkeka mpaka akafika kitini, akaingiza mkono wake kwenye lile bonde, kiganja kikalala chini na kifundo cha mkono kikalingana na ukingo. Akautuliza pale.

"Basi," alisema. "Funga hapo."

Nikafunga mafundo ya pili, yote saba. Fundi Mkuu ndipo aliposogea. Hakupitisha kiganja juu ya kiti. Alinipokonya kapu langu, akalibeba yeye hadi kituo cha minibasi, mzee yule, na nilipotaka kulichukua alinikatalia. Sifa nyingine kutoka kwake sikuwahi kupata, na sikuhitaji.

Baraza la Kawale halikwenda kwa fundi wa cherehani. Mito mingine ya Amayi niliimaliza juma lile, na majirani zake wakatuita mmoja baada ya mwingine. Bwana Mwenye Duka akarudi kutuuliza kama tunashona au tunacheka. Miaka ikapita. Fundi Mkuu akapata safari ya kuhamishiwa nchi ya mbali, na siku ya kuondoka alinipa spoki yake imefungwa kwenye kitambaa, akasema tu nisiache ipate kutu. Nilifungua karakana yangu Mponela, nikatengeneza viti vya wafanyabiashara wa mahindi na tumbaku, viti vya nyumba za wageni, mabenchi ya kwaya. Nilikaa pale mpaka macho yalipoanza kukataa kuliona jicho la spoki. Ndipo nikarudi Dzaleka kupumzika.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya wenye kujaribu nyumbani. Kazi yenyewe si ngumu. Vizibo vipo, tairi bovu lipo, spoki ipo, na fundo la kuteleza utalijua kwa siku moja. Usikaze kifungo kimoja hadi mwisho. Anza katikati. Na kabla ya kushika mkasi, tafuta mtu umuulize nani hukaa hapo, na kama hayupo, keti umngojee.

Kiti changu mwenyewe kiko hapa mlangoni, mahali ninapoona njia. Mto wake umebonyea vibaya, upande wa kulia, na wageni wananicheka: fundi gani huyu. Juzi nilisema sasa nitaufumua, nikamwita Mama Neema, mke wangu niliyemwoa hapa hapa kambini, anitungie uzi kwenye sindano. Alikuja, akautazama mto, akaninyang'anya spoki.

"Achia ile shimo," alisema. "Watu walinikatazaka kuolewa na we. Walisema huyu hakalaka pahali moja. Sasa wakuje waone."